Kwaya Iliyoondoka na Mfugaji

Kila asubuhi, kabla soko la Kashaulili halijachangamka, Manyanda huketi kwenye kibanda chake, huvaa hedifoni sikio moja, na kwenda kukagua zizi. Ndivyo anavyoiita kazi hiyo, na wauza nyanya wa jirani wameshazoea. Zizi lenyewe ni kompyuta mpakato ya zamani iliyochubuka pembe zote. Kioo chake kimefunikwa na kipande cha kanga ya mkewe, kwa sababu mwenyewe hakihitaji na vumbi la Mpanda halina huruma na vioo. Ng'ombe ni nyimbo.

Anauza nyimbo. Mtu analeta flashi, au memori kadi ya redio ndogo ya sola, anasema anachotaka, na Manyanda anamwekea. Bongo Fleva kwa vijana wa bodaboda. Nyimbo za injili kwa akina mama wa mboga. Ngoma za Kisukuma kwa wafugaji wanaokuja mjini kununua chumvi na dawa za ng'ombe na kurudi porini jioni ileile. Kwaya kwa watu wa Mpimbwe, ambao wanaweza kukaa bila sukari lakini si bila kwaya.

Hatumii kipanya. Kipanya ni cha mtu anayeona mshale ukitembea juu ya kioo, na Manyanda haoni. Anatumia vitufe, na sauti. Ndani ya kompyuta yake kuna programu inayosoma skrini: kila anapogusa kitufe, sauti ya kike, kavu, yenye haraka kama ya mwanamke aliyeacha sufuria jikoni, inamwambia yuko wapi na mbele yake kuna nini. Akibonyeza K, sauti inasema Kwaya. Anaingia. Akibonyeza U, sauti inasema Usevya. Akitaka kutoka anashika Alt na mshale wa juu, na mara yuko nje tena, kwenye uwanja mkubwa ambako mafolda yote yamesimama yakisubiri kuitwa. Ameyapa majina kwa makusudi, kila moja na herufi yake ya mwanzo, ili asiite mmoja wakaitika wawili.

Mkewe, Hana, mwanamke wa Karema anayeuza dagaa upande wa pili wa soko, huiita sauti hiyo mke mwenzangu. Akipita na beseni lake huuliza kama mke mwenzake ameamka vizuri leo, au amenuna. Manyanda humjibu kwamba huyu angalau akiulizwa jambo hulijibu mara moja.

Wazazi wake walitoka Meatu na ng'ombe, yeye akiwa mgongoni. Walishuka polepole, msimu kwa msimu, wakifuata majani, mpaka wakafika bonde la Mpimbwe, ambako wenyeji walikuwa wakilima mpunga na mahindi tangu zamani na hawakufurahi sana kuona kwato. Manyanda akakulia hapo, katikati ya jamii mbili zisizoaminiana, akijifunza Kiswahili cha hawa na hasira za hawa. Alichunga. Alipokuwa kijana, presha ya macho ilianza kumla pembeni, kidogo kidogo, kama maji yanavyokula ukingo wa mto, na kwa kuwa katikati alikuwa bado anaona, hakumwambia mtu. Kwa mwaka mzima alirudisha ng'ombe zizini akiwajua kwa kengele na kwa pumzi. Baba yake alikuja kugundua siku alipompa kikombe cha maziwa na mkono wa kijana ukapita pembeni.

Hospitali waliambiwa wamechelewa. Sitaki kukaa sana hapo, kwa sababu yeye mwenyewe hakai. Akikusimulia atakwambia habari za kozi ya wasioona aliyokwenda kusoma Tabora, na siku ya kwanza mwalimu alipomwekea vidole kwenye kibodi na kumwonyesha vile vijinundu viwili vilivyo juu ya F na J, ambavyo kila mwenye macho anavyo na hajawahi kuviona. Anasema alipovigusa alijua amefika mlangoni.

Zizi lake lina mlango pia. Kuna folda inaitwa Mlangoni, na kila wimbo mpya unaoingia hukaa humo kwanza. Wageni hawachanganywi na wenyeji kabla hawajatazamwa. Baba yake alifanya hivyo na ng'ombe wa kununua, na yeye anafanya hivyo na nyimbo. Baadaye, wateja wakipungua, anawachukua mmoja mmoja na kuwahamisha. Kontroli na X: anamshika mgeni. Anatoka Mlangoni, anaingia folda yake. Kontroli na V: anamwachia. Kati ya X na V wimbo hauna makao. Uko mkononi mwake, na mkono huo hauonekani na mtu yeyote, mwenye macho wala asiye na macho. Ni lazima ukumbuke tu kwamba umeshika.

Specioza alikuja kiangazi, mpunga ukiwa umeanza kuvunwa. Ndiye kiongozi wa kwaya ya kigango huko Usevya, bondeni Mpimbwe, mwanamke wa umri wa mama yake Manyanda, mwenye sauti nzito na mazoea ya kuamrisha watu wakae sawa. Alileta simu iliyopasuka, inayojizima yenyewe. Ndani ya simu, alisema, kulikuwa na kwaya ikiimba wimbo wa kushukuru mavuno, na anayeanzisha ni Immaculata.

Immaculata alikuwa mdogo wake. Alifariki mvua zilipoanza, homa ya siku chache tu, na hakukuwa na mahali pengine popote duniani ambapo sauti yake ilikuwa imehifadhiwa. Mpunga ukishaingia ghalani ingesomwa misa ya kumkumbuka, na wanakwaya walikubaliana kwamba siku hiyo mtu mwingine asiuanzishe wimbo ule. Uanzishwe na mwenyewe, kwenye spika, halafu wao wapokee.

Manyanda aliunganisha waya, akasubiri, akasikiliza mwanzo wa wimbo kwenye hedifoni. Alimwambia Specioza kwamba kila kitu kimeshaingia salama. Ndipo Specioza akaipeleka simu meza ya pili, kwa Dieudonne, fundi simu kutoka Katumba, naye kabla ya kugusa chochote akauliza mara mbili kama hamna kitu cha kubaki humo, kwa sababu akianza kuisafisha hakibaki hata jina la mtu.

"Muulize Manyanda," Specioza alisema.

"Safisha tu," Manyanda alijibu. "Ninayo mimi."

Dieudonne akaisafisha. Simu ikapona, ikawa tupu kama siku iliyotoka dukani. Specioza akapanda gari la Usevya akiwa na amani.

Mchana huo, wateja walipopungua, Manyanda aliingia Mlangoni kumhamisha mgeni. Alimkuta, sauti ikamtajia jina alilompa, Usevya, akabonyeza Kontroli na X. Alikuwa ameshika Alt, kidole kingine kinatafuta mshale, aliposikia mtu akisimama mbele ya kibanda na kumwamkia kwa Kisukuma.

Asiyekulia kwetu anaweza kufikiri salamu ni neno moja. Msukuma akimkuta Msukuma ugenini, salamu ni safari. Mhola? Mhola duhu, salama tu. Habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za majani. Wewe ni mtoto wa nani? Baba yako alitokea wapi? Alipita wapi akashukia wapi? Je, unamjua fulani aliyehamia ng'ambo ya mto, mwenye madume mekundu? Huwezi kuikata katikati. Ni kama kumfungia mtu mlango akiwa na mguu mmoja ndani. Huyu alikuwa Luhende, mtu mzima wa makamo, ukoo wake umetoka jirani kabisa na kwao Manyanda. Boma lake liko nje kidogo ya Usevya, njia ya kwenda mtoni, na mnada wa huko unaofuata atapeleka dume moja, lile lenye pembe iliyoinama, kwa sababu limeanza kuwasumbua wenzake. Yote hayo Manyanda aliyasikia kwa furaha. Alivuta harufu ya moshi na maziwa kwenye nguo za mtu yule na akajiona yuko kwao kabisa.

Katikati ya salamu Luhende alitaja anachotaka: ngoma, zile za mashindano, nyingi kadiri kadi itakavyobeba. Na akili ya Manyanda, ikiwa imestarehe vile, ilitembea yenyewe mpaka kwenye folda ya Ngoma na kuzishika. Vidole havikutembea. Salamu zilipokwisha, alichomeka kadi ya Luhende, akaifungua, akabonyeza Kontroli na V. Kompyuta ikaanza kulia vile inavyolia ikiwa kazini, mlio mdogo unaopanda, unaopanda, mpaka juu, halafu kimya. Luhende hakujaribu kadi, redio yake ilikuwa haina chaji na gari lilikuwa linapiga honi. Waliagana kama ndugu.

Muda si mrefu umeme ulikatika, betri ya kompyuta ikaisha, Manyanda akafunga kibanda.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kukagua zizi. K. Kwaya. Akaingia, akabonyeza U. Sauti haikutaja Usevya. Alibonyeza tena. Akatoka, akaingia Mlangoni, na sauti ikamwambia, kwa ukavu wake wa kila siku, kwamba folda haina kitu.

Alimwita Dieudonne aje atazame kwa macho. Dieudonne alitazama, akafungua hata pipa la takataka la kompyuta, akapekua. Hamna. Akasema vitu vilivyofutwa kwa kawaida hupita humo pipani, kwa hiyo hivi havikufutwa, vimekwenda mahali. Manyanda aliweka mikono juu ya kibodi bila kubonyeza chochote. Alirudi nyuma kwenye siku iliyopita kama mtu anayepapasa ukuta, akaipita saa ya mchana, akafika kwenye Kontroli na X. Baada ya hapo kulikuwa na salamu.

"Luhende," alisema.

Hana alimkuta amekaa vile, hedifoni ziko shingoni. Alipoelezwa hakumtania. Alikaa kwenye ndoo yake ya dagaa, akauliza kama huyo mtu ana simu. Manyanda hakuwa na namba yake. Alikuwa na baba yake, babu yake, njia aliyohamia, boma lake, dume lenye pembe iliyoinama, na siku ya mnada.

"Basi una namba," Hana alisema.

Lakini mtu akinunua kadi ya nyimbo na akakuta si alizotaka, jambo la kwanza analofanya ni kuzifuta. Au kwenda kwa muuzaji mwingine, amwekee mpya juu ya zile. Manyanda alilijua hilo kuliko mtu yeyote; ni kazi yake. Siku zilizobaki mpaka mnada aliuza nyimbo kama kawaida, na kila aliposhika kitu mkononi alikitaja kwa sauti, taratibu, mpaka wauza nyanya wakaanza kuulizana.

Dieudonne alimshauri asimwambie Specioza kwanza. Aende mnadani, aipate, arudi, mambo yaishe. Mama wa watu asiumie bure. Ulikuwa ushauri mwema na Manyanda aliufikiria. Kilichomsumbua ni lile neno alilolisema mbele yao wote, ninayo mimi. Specioza alikuwa analala akiliamini. Aliona hawezi kumwacha mtu alale juu ya kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo siku ya mnada yeye na Hana walishuka Usevya mapema, kompyuta ikiwa begani ndani ya mfuko, na kabla ya kwenda uwanjani walipita nyumbani kwa Specioza. Walimkuta anapepeta. Manyanda alisikia ungo ukirusha na kupokea, na punje zikianguka kwenye turubai kama mvua nyepesi. Aliamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda, hakukaa.

Alieleza yote akiwa amesimama. Alieleza X na V kwa namna ambayo hata Hana alikuwa hajawahi kuisikia: kwamba alikuwa ameibeba kwaya mkononi, akasimama kusalimiana na mtu, akasahau amebeba nini, akampa mtu huyo akidhani ni kitu kingine.

Ungo ulikuwa umeshawekwa chini. Kuku walikuja kwenye turubai na hakuna aliyewafukuza.

"Ng'ombe zenu zilikula mpunga wetu mwaka juzi," Specioza alisema mwishowe. "Tukanyamaza. Sasa zimekula na kwaya."

Hana ndiye aliyecheka kwanza, akajaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, kikamtoka. Halafu Specioza naye akacheka, kifupi, puani. Manyanda hakuweza. Alisikia mama yule akiinuka, akijikung'uta makapi, akimsogelea.

"Sikia, mwanangu," alisema karibu kabisa na uso wake. "Kama haipo, uniambie haipo. Nisije nikasimamisha watu kanisani wanasubiri sauti, halafu sauti isije. Hilo tu ndilo nitakalokuomba."

"Nitakuambia, mama."

"Haya. Ngoja nivae kandambili."

Mnada kwa asiyeona ni bahari ya sauti zinazogongana. Ng'ombe wanalia, madalali wanapaza bei, mafuta ya nyama yanapasuka kwenye moto, wauza viatu wamesimamisha spika zinazoshindana. Na redio. Kila mfugaji ana redio yake begani au kifuani, imefungwa kwa kamba, na kila redio ina ngoma zake. Manyanda alitembea mkono juu ya bega la Hana, Specioza akiwa mbele anapasua njia kwa viwiko na kwa sauti yake ile nzito. Waliuliza habari za dume lenye pembe iliyoinama. Mmoja aliwaelekeza huku, mwingine kule. Manyanda aliacha kusikiliza majibu. Alifanya alichokifanya mwaka ule wa mwisho wa kuchunga, macho yalipokuwa yanamtoroka: alizishusha sauti zote moja moja, hii si yangu, hii si yangu, apate kuisikia iliyo yake.

Alisimama. Hana akavutwa nyuma.

Upande wa kushoto, mbali kidogo, chini ya ngoma zote na spika zote, mwanamke alikuwa anaimba peke yake. Hapakuwa na kinanda wala kayamba. Sauti ilipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba maji na hataki yamwagike, na ilipofika juu watu wengi waliipokea kwa pamoja.

Specioza hakuhitaji kuambiwa. Hana alimwambia mumewe baadaye kwamba yule mama alikwenda mbele huku ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, akipita katikati ya ng'ombe kama hawaoni, na ng'ombe wakampisha.

Luhende alikuwa ameegemea ubavu wa dume lake, redio imening'inia shingoni. Alipomwona Manyanda alianza kucheka kabla hawajafika.

"Mhola, ndugu yangu," alisema. "Nilikuomba ngoma, ukanipa misa."

Walisalimiana. Manyanda, nasema kweli, alisalimia yote, ya watoto, ya ng'ombe na ya majani, ingawa safari hii alikuwa ameukumbatia mfuko wa kompyuta kifuani kwa mikono miwili. Specioza alisimama pembeni akisubiri salamu ziishe, macho yake kwenye kile kiredio cha plastiki. Watu wa Mpimbwe wanajua kusubiri salamu za Wasukuma; wamejifunza kwa shida.

Kisha Manyanda akamuuliza kwa nini hakurudi kudai ngoma zake. Luhende alizungusha maneno kidogo, akataja umbali, akataja vumbi. Mwisho akasema ukweli. Alikuwa amefika hata stendi ya Usevya ili arudi Mpanda, akaahirisha.

"Nilisema, mtu haoni, amekosea. Nikimrudia mbele ya watu pale sokoni nitakuwa nimemvua nguo."

Manyanda alimgeuzia uso.

"Ungenivua tu," alisema. "Mwenye macho akikosea unamrudia, mnagombana, anarekebisha, yanakwisha. Na mimi nirudie hivyohivyo, ndugu yangu. Nisipogombezwa nitajuaje?"

Luhende alisema amesikia. Akasema lakini pia, kusema kweli, ile misa ilikuwa imeshamshika. Siku ya kwanza aliiacha ilie kwa sababu hakuwa na nyingine. Siku ya pili mkewe akauliza mbona hajaiwasha. Sasa jioni akiifungua tu, dume la mbele linageuza kichwa na wengine wanalifuata bila fimbo. Hajui maneno yake yanasemaje, mengine ni Kipimbwe. Lakini yule mama anayeanza, alisema, yule mama anaita kama mtu anayekujua.

"Ni mdogo wangu," Specioza alisema. "Alifariki."

Luhende alivua kofia. Manyanda alilijua hilo kwa harufu ya jasho.

Walikwenda kwenye kibanda cha mama muuza chai, wakampangusia Manyanda pembe ya meza. Akaiweka kompyuta, akaiwasha, na hakuvaa hedifoni. Aliiacha sauti iseme wote wasikie. Mke mwenza wa Hana akaanza kutaja mafolda kwa haraka yake, na watu wawili watatu waliokuwa wanakunywa chai wakaacha vikombe kumtafuta mwanamke anayesema.

Luhende alitoa kadi kwenye redio. Kabla hajaikabidhi aliishika kidogo.

"Mkishaichukua," alisema, "kwangu si ndiyo basi?"

"Inabaki," Manyanda alisema. "Hii si ng'ombe. Inaweza kulala maboma mawili usiku mmoja."

Luhende alifikiri, akaona ni jambo la ajabu, akatoa kadi.

Manyanda alishuka ndani ya kadi kwa mshale, na sauti ikasema Usevya. Alitaja kwa mdomo anachokifanya: nashika, kwa C, si kwa X. Akapanda, akaingia zizini kwake, K, Kwaya, akaingia. Hakupita Mlangoni, huyu hakuwa mgeni tena. V. Mlio ule mdogo ukaanza kupanda kati ya vikombe vya chai, ukapanda, ukapanda, na Specioza, ambaye hakuwa anajua ni mlio wa nini, alishika ukingo wa meza mpaka uliponyamaza. Kisha Manyanda akabonyeza U na kufungua, na Immaculata akaimba kutoka kwenye kompyuta. Alimwachia aimbe mpaka kwaya ilipopokea. Halafu akatoka, akaingia tena kwenye kadi ya Luhende, akafungua na huko, na Immaculata akaimba tena, kutoka boma la pili.

"Ipo," alimwambia Specioza. "Nimekuambia ipo. Ipo mara mbili."

Specioza aliagiza chai ya wote, na kwa Luhende akaagiza na chapati, akamwambia ale, na mpunga wa mwaka huu asiulishe ng'ombe. Luhende akasema ng'ombe wake sasa ni Wakatoliki, hawali cha mtu. Manyanda akamwekea ngoma zake, zile za mashindano, kadiri kadi ilivyobeba, na kwenye simu ya Specioza akaiweka kwaya, na kwenye simu ya Hana pia, na mama wa chai akauliza kama na yake inawezekana.

Misa ilisomwa mpunga ulipoingia ghalani. Mtu aliyekaa benchi za nyuma aliniambia kwamba sauti ilipotoka kwenye spika hakuna aliyegeuka kutazama inatoka wapi. Ilifika pale juu, pakawa na kile kipande kidogo cha kimya ambacho Immaculata alikuwa anakiacha ili wenzake wavute pumzi, na kwaya ikapokea, wote, bila mtu kuwahi wala kuchelewa. Nje ya dirisha alikuwa amesimama mfugaji mmoja, kofia mkononi, redio imezimwa.

Manyanda bado yuko Kashaulili. Salamu zake hazijafupishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba ukimwamkia akiwa kazini ananyanyua kiganja, anasema ngoja niweke chini, vidole vinakwenda, V, na ndipo anakugeuzia uso na kuanza kukuuliza habari za kwenu. Wengine wanafikiri ni adabu mpya ya mjini.

Na asubuhi, akikagua zizi, hupita K, hubonyeza U. Sauti inasema Usevya. Yeye haifungui. Akishasikia jina, anapita kwa mwingine.